Limefutwa Lakini Halijafutika: Uhakiki wa Lugha ya Taarifa Moja ya Hifadhi ya Kompyuta

Makala haya yanahakiki aina ya maandishi ambayo aghalabu hatuyahesabu kuwa maandishi. Ni taarifa ya kurasa nne kuhusu matumizi ya hifadhi ya kompyuta, iliyoandikwa kwa Kiswahili na ofisi ya kompyuta ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Wahakiki wetu wamezoea riwaya, tamthilia na ushairi. Taarifa ya ofisi huachiwa wenye ofisi. Hii nimeamua kuisoma kama tunavyosoma matini nyingine yoyote, neno kwa neno, kwa sababu maneno yake matatu yalichangia kupotea kwa rekodi ambayo sitaipata tena, na kwa sababu maneno hayohayo tunayafundisha darasani kila muhula bila kuyatilia shaka. Maneno yenyewe ni nakala, ukubwa na kufuta.

Kwanza nitoe pongezi zinazostahili. Mwandishi wa taarifa alikuwa na kila kisingizio cha kuandika kwa Kiingereza, na hakukitumia. Tangu mwaka 2004, ilipotolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili katika mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tumekuwa tukilalamika kwamba istilahi zipo ila watu hawazitumii. Huyu amezitumia. Sentensi zake ni fupi, upatanisho wake wa kisarufi hauna dosari, na sikuona mahali alipotupa neno la kigeni ili kuficha asichokielewa. Kama ningekuwa nasahihisha insha, ningempa alama za juu. Tatizo la taarifa hii halionekani kwa jicho la kusahihisha insha.

Rekodi zilizohusika nilizichukua Kabuta, katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Huenda msomaji akauliza mwalimu wa Kiswahili alifuata nini huko. Kabuta iko ufukweni mwa Ziwa Mweru, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, upande wa Kilwa na Pweto, ambako Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya sokoni. Upande wa Zambia watu huongea Kibemba na lugha jirani zake, lakini samaki hawajui mpaka, na wanunuzi wao vilevile. Historia nayo ipo. Livingstone alipofika ziwani hapo Novemba 1867, wafanyabiashara waliotoka pwani walikuwa wamekwisha kutangulia. Kwa Kazembe alimkuta Mohamed bin Saleh, ambaye alikuwa ameishi huko kwa miaka mingi. Tippu Tip naye, katika wasifu wake, anasimulia vita vyake na Nsama katika nchi ya Itabwa iliyo jirani. Kwa hiyo mtu akisikia ufukweni hapo "bantu banakuya" mahali ambapo sisi tungesema "watu wanakuja", asidhani Kiswahili kimepotea njia. Kina wenyewe huko, na Johannes Fabian ameandika mengi kuhusu ndugu yake wa Katanga.

Nilirekodi mazungumzo ya biashara ya samaki kwa muda wa wiki tatu, nikarudi, nikayaweka mazungumzo yote katika hifadhi ya pamoja ya chuo hicho, kwa vile nilikuwa nashirikiana na wenzangu wa hapo. Kadi ya kinasa sauti niliitumia tena katika safari iliyofuata. Kosa hilo ni langu, nalitaja mapema ili msomaji asidhani namtafutia mwingine lawama yote.

Hifadhi hiyo haikuwa kompyuta moja. Ilikuwa mfumo wa mafaili uliosambazwa, yaani kompyuta nyingi zinazojifanya moja. Mfumo wenyewe ni HDFS, sehemu ya Hadoop, programu ambayo mwanzilishi wake mmoja, Doug Cutting, aliipa jina la tembo wa kuchezea wa mwanawe. Faili likiingia humo hukatwa vipande, kila kipande kwa kawaida kisizidi megabaiti 128, na kila kipande hunakiliwa mara tatu katika mashine tofauti, ili mashine moja ikiharibika data isipotee. Hizi ni nakala kwa maana kamili ya neno. Kipande kimoja kimekuwa vitatu, na vyote vitatu vinachukua nafasi kwenye diski.

Mfumo huo una kitu kingine, ambacho Waingereza hukiita kwa jina la picha inayopigwa haraka. Msimamizi anaweza kuamuru kwamba hali ya kabrasha fulani ikumbukwe ilivyo saa hii. Amri hiyo humalizika mara moja hata kama kabrasha lina terabaiti kadhaa, kwa sababu hakuna kipande kinachonakiliwa. Mfumo huandika tu orodha: faili hili lina vipande hivi, na ukubwa wake ni huu. Baadaye mtu akiliondoa faili, jina lake halionekani tena katika kabrasha, lakini vipande vyake havitoki kwenye diski, kwa kuwa orodha ya zamani bado inavitaja. Kabrasha moja linaweza kuwa na orodha za namna hiyo hadi 65,536 kwa wakati mmoja.

Hapa sasa ndipo taarifa yetu inapojikwaa. Katika ukurasa wa kwanza inaeleza kwamba kila kipande cha data kina "nakala tatu". Katika ukurasa wa pili inaeleza kwamba kabrasha la rekodi za Kabuta lina "nakala nne za tarehe tofauti". Neno ni moja, na hakuna lolote linalomwonya msomaji kwamba nakala za ukurasa wa pili si za jamii moja na zile za ukurasa wa kwanza. Wajumbe wa kamati ya hifadhi, ambao ni watu wazima wanaojua kuhesabu, walifanya kile ambacho msomaji yeyote wa Kiswahili angefanya. Walizidisha. Waliona kabrasha dogo la mwalimu wa lugha likiwa na nakala nne, kila nakala nayo ikiwa na nakala tatu, wakahitimisha kwamba mtu mmoja anakula hifadhi ya idara nzima.

Tuchukue tarakimu nyepesi ili jambo lionekane. Tuseme kabrasha lina rekodi za gigabaiti 100, na limepigwa picha mara nne bila mabadiliko yoyote katikati. Kisha mwenye kabrasha anaondoa gigabaiti 60. Sasa kabrasha lina kiasi gani? Kilichopo mbele ya macho ni 40. Kilichopo kwenye mfumo, kabla ya kuhesabu nakala tatu, ni 100, maana zile 60 bado zinashikiliwa na picha. Kwenye diski zenyewe ni 300. Na mtu akienda kupima picha mojamoja kwa njia yake, kila picha itamwambia 100. Akijumlisha zote nne na zile 40 zilizopo atapata 440, idadi ambayo haipo mahali popote duniani isipokuwa katika daftari lake.

Majibu yote haya, isipokuwa la mwisho, ni sahihi, kila moja kwa swali lake. Taarifa iliyaita yote "ukubwa". Ukubwa wa kabrasha, ukubwa wa nakala, ukubwa kwenye hifadhi. Mwanafunzi wangu mmoja aliyeisoma baadaye aliniambia, "Mwalimu, hapa ukubwa ni kama neno 'mambo', linajibu kila kitu." Sikuweza kumpinga. Kiswahili kina ukubwa, kina wingi, kina kiasi, kina nafasi, na kila moja lina kazi yake. Ukubwa ni sifa ya kitu chenyewe. Nafasi ni kile ambacho kitu hicho kinawanyima wengine. Gunia tupu na gunia lililojaa ni gunia la ukubwa uleule, lakini ghalani hayachukui nafasi sawa.

Mwenzangu wa sayansi ya kompyuta alinikatiza nilipofika hapa. Alisema naionea lugha, maana mfumo wenyewe ndio unaochanganya. Ana hoja. Amri ya kupima matumizi katika HDFS, inayoitwa du, ukiiacha ilivyo hujumlisha kila kitu kilicho chini ya kabrasha pamoja na vyote vinavyoshikiliwa na picha. Picha ziliingia rasmi katika toleo la pili la Hadoop, mwaka 2013. Njia ya kuiambia amri hiyo iziweke kando, kwa kuongeza herufi x baada ya kistari, haikuwako tangu mwanzo, iliongezwa baadaye. Aliyeandika taarifa hakuitumia herufi hiyo. Pengine hakujua kwamba ipo. Hata hivyo hoja ya mwenzangu haiitoi lugha hatiani. Angeiongeza herufi hiyo, angepata tarakimu mbili za kabrasha moja, naye hakuwa na maneno mawili ya kuzitofautisha. Angeziita zote ukubwa, kisha wajumbe wangeuliza ipi ya kweli.

Neno la tatu ndilo lililoleta madhara, na kwa mwalimu wa sarufi ndilo lenye utamu. Kamati iliniandikia nifute nusu ya rekodi. Nilifuta. Taarifa ya wiki iliyofuata ilionyesha kabrasha langu halijapungua hata kidogo. Nikaandikiwa kwa ukali zaidi kwamba nilidai nimefuta na kumbe sikufuta. Nilifungua kabrasha, nikaona mafaili hayamo, nikajibu kwamba yamefutwa. Wao walitazama tarakimu, wakajibu kwamba hayajafutwa. Kwa siku tatu tulibishana kwa barua, kila upande ukiwa na ushahidi mbele yake, na kila upande ukisema kweli.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanafundishwa tofauti ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Kutendwa kunamtazama mtenda hata asipotajwa: kuna mtu amefanya kitendo. Kutendeka kunaitazama hali ya kitu baada ya kitendo, au uwezekano wa kitu kufikia hali hiyo. Mfano tunaoupenda ni wa kioo, kimevunjwa na kimevunjika, na kwa kweli ni mfano dhaifu, kwa sababu kioo kilichovunjwa lazima kiwe kimevunjika, hivyo mwanafunzi haoni faida ya kuwa na kauli mbili. Afadhali ubao wa darasani. Kila mwalimu aliyewahi kutumia chaki mbaya amewahi kusema ubao umefutwa lakini maandishi hayajafutika. Mfutaji amefanya kazi yake, maandishi yamebaki. Hakuna anayeona ukinzani katika sentensi hiyo.

Rekodi zangu zilikuwa katika hali hiyohiyo. Zilikuwa zimefutwa na hazijafutika. Sentensi moja ya namna hii katika taarifa, kwa mfano "mafaili haya yamefutwa na mwenyewe lakini hayajafutika kwa kuwa yanashikiliwa na picha nne", ingemaliza ubishi siku ya kwanza. Sikuhitaji istilahi mpya wala kikao cha kuisanifisha. Kiambishi kilikuwapo mdomoni mwa kila mjumbe wa kamati ile, na mdomoni mwangu pia, mimi niliyekifundisha kwa miaka mingi. Hata mimi sikukikumbuka.

Kilichofuata nakieleza kwa kifupi. Fundi aliambiwa atafute nafasi kwa kuondoa "nakala" za zamani. Aliondoa picha ya kwanza. Hakuna nafasi iliyopatikana. Aliondoa ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Taarifa ilikuwa imeandika ukubwa mbele ya kila moja, kwa hiyo alikuwa na haki ya kutarajia kwamba kila moja ikiondoka itaacha ukubwa huo. Alipoondoa ya nne nafasi iliachwa ghafla, nyingi, na alifurahi. Nami siku hiyohiyo, baada ya hatimaye kuelewa kutoka kwa mwenzangu kwamba rekodi zilizoondolewa zinaweza kurudishwa kutoka katika picha, nilikuwa njiani kwenda ofisini kwake kuomba nirudishiwe moja niliyoifuta kwa kuharakishwa. Nilichelewa kwa saa chache.

Rekodi hiyo ilikuwa ya dakika arobaini hivi, ya mama mmoja anayenunua chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, wakaushwao juani juu ya mchanga. Nilimwuliza jinsi wanavyohesabu mali kabla ya kufungwa kwa uvuvi, ambako kila mwaka huanza tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Nilibakiwa na kurasa tatu za muhtasari katika daftari langu. Katika muhtasari huo anaeleza, akichanganya Kibemba na Kiswahili cha ng'ambo, kwamba baadhi ya magunia ghalani ni ya shirika. Gunia moja lina wenyewe wanne. Mmoja akijitoa, hesabu yake inakwisha lakini gunia halisogei. Wa pili akijitoa, halisogei. Linatoka ghalani siku ya mwisho, mwenyewe wa nne akijitoa. Nikamwuliza, kwa ujinga wa mgeni, gunia hilo waliandike mara nne? Katika daftari nimeandika kwamba alicheka, na kwamba aliniita "mwalimu" kwa namna iliyonifanya nione haya. Kila mwenyewe analiandika katika daftari lake, ndivyo alivyojibu, lakini ghala linaliandika mara moja.

Fundi wetu alikuwa amejifunza jambo hilohilo kwa njia ya gharama. Kila picha ikitazamwa peke yake haikuwa na nafasi yoyote ya kuachia, maana kila kipande kilikuwa na wenyewe wengine. Zote nne kwa pamoja zilikuwa na nafasi kubwa. Mfumo mwingine wa mafaili, ZFS, unalikiri jambo hili waziwazi katika vipimo vyake: unatoa tarakimu moja ya nafasi ambayo ingeachwa iwapo picha fulani tu ingeondolewa, na nyingine ya nafasi inayoshikiliwa na picha zote kwa jumla, na maelezo yake yanaonya kwamba ya pili haipatikani kwa kujumlisha zile za kwanza. Mwenye ghala wa Kabuta asingehitaji onyo hilo.

Je, tukiite nini kitu hiki? Nimekwisha kusema kwa nini sikubali nakala. Baadhi ya wanafunzi wangu wamependekeza taswira, jambo ambalo linatupeleka katika fasihi bila sababu. Picha ina kasoro yake: picha ya gunia haizuii gunia kuuzwa, ilhali picha hii inazuia. Hata hivyo ndilo neno ninaloliona linafaa kwa sasa, kwa sharti kwamba liandamane na kitenzi kushikilia. Picha inashikilia vipande. Kipande kinashikiliwa na picha. Kitenzi kitabeba kile ambacho nomino haikibebi. Tumezoea kudhani istilahi ni nomino tu, tunakaa vikao kutafuta nomino, na vitenzi tunaviacha vijitafutie. Kuhusu neno hifadhi, ambalo katika taarifa hii linasimama badala ya diski, mfumo, kitendo cha kutunza na nakala ya dharura kwa wakati mmoja, ningehitaji makala nyingine, na nadhani wanyama wa Serengeti nao wangedai sehemu yao.

Nilimpelekea mwandishi wa taarifa maoni haya kabla ya kuyachapisha, kama ilivyo adabu. Alinipokea vizuri, tukakaa na karatasi yake kwa mchana mzima, na nikajifunza kwake zaidi ya alivyojifunza kwangu. Taarifa ya mwezi uliofuata ina safu tatu badala ya moja. Ya kwanza imeandikwa "Yaliyopo sasa", ya pili "Yaliyofutwa yasiyofutika bado", na ya tatu, inayoonyesha nafasi kwenye diski baada ya kuzidisha kwa tatu, imeandikwa "Nakala". Hapo, kwa mara ya kwanza, neno hilo lipo mahali pake. Safu ya pili bado inajumlisha picha zote kwa pamoja; nilipomwuliza kuhusu nafasi itakayoachwa picha moja ikiondolewa, alisema hiyo wanaijua tu baada ya kuiondoa.